Dawa za sonona tunapewa, maelezo tunanyimwa



Mhariri, nina dukuduku kuhusu namna dawa za sonona zinavyogawiwa kwenye madirisha ya dawa ya hospitali zetu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, umri wangu miaka 56. Mwaka jana, miezi mitano baada ya kumzika mume wangu, wifi yangu alinishika mkono akanipeleka kliniki ya afya ya akili. Nilikuwa silali, chakula hakipiti, na kusahihisha daftari moja kulinichukua nusu saa. Daktari alinisikiliza vizuri, kwake sina ugomvi. Akaniandikia amitriptilini ya miligramu 25, kila usiku.

Ugomvi wangu unaanzia dirishani. Kijana aliyekuwa zamu alikata vidonge, akavitia kwenye bahasha, akaandika "1x1 usiku" na kuisukuma chini ya wavu. Mahali pa jina la dawa palibaki patupu. Nikamuuliza, "Mwanangu, hizi zinafanyaje kazi?" Akajibu, "Mama, kimoja usiku. Anayefuata!" Simlaumu sana, maana nyuma yangu kulikuwa na watu wasiopungua arobaini. Ile karatasi ya maelezo inayotoka kiwandani hubaki na boksi huko huko ndani, na hata ningepewa, ni Kiingereza cha kitabibu kwa herufi ndogo kama chawa.

Usiku wa kwanza nililala fofofo. Alfajiri nilipoinuka kwenda chooni, kizunguzungu kikanikamata, nikajikuta nimekaa sakafuni kando ya ndoo ya maji. Mdomo ulikauka, ulimi ukaganda kwenye kaakaa. Choo sikupata siku nne. Darasani maandishi yangu mwenyewe ubaoni niliyaona kama yako nyuma ya ukungu, ikabidi mtoto wa dawati la mbele awasomee wenzake. Na huzuni iko pale pale! Mama mmoja tunayesali naye akanimalizia kabisa: "Hizo ni dawa za vichaa, ukizizoea umekwisha." Siku ya tisa nikaacha.

Baada ya mwezi nilirudi kliniki nikiwa na hali mbaya kuliko mwanzo. Safari hii nilipokelewa na nesi mtu mzima. Akaichukua ile bahasha, akaigeuza, akachora mstari kwa kalamu ya bluu na kuukata vipande vinne. "Mwalimu, hizi ni wiki," akasema. "Maudhi madogo madogo yanatangulia, faida inakuja nyuma. Hapa na hapa utameza bila kuona chochote. Kuanzia hapa usingizi na hamu ya kula vinarudi, moyo unafuata." Akanifundisha nikiamka nikae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, ninywe maji kidogo kidogo mchana kutwa, nile papai na mboga za majani, na pombe nisiiguse. Akaniuliza kama nina ugonjwa wa moyo au presha ya macho. Akauliza tena kama niliwahi kupitisha siku kadhaa bila usingizi huku nina nguvu na furaha zisizo na sababu, kwa kuwa mtu wa namna hiyo akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kupandishwa wazimu.

Halafu akamgeukia wifi yangu. "Vidonge utatunza wewe. Vikimezwa vingi kwa mpigo vinasimamisha moyo. Mgonjwa wa sonona hatakiwi kuachiwa akiba ya mwezi mzima kwenye droo, na watoto wasivione, maana vina rangi kama pipi." Nyumbani nina mjukuu wa miaka mitatu. Mwezi uliotangulia bahasha ile ilikuwa juu ya meza ya kulia, jirani na bakuli la sukari.

Maelezo yote hayo yalichukua kama dakika kumi. Kwa kuyakosa, nilipoteza mwezi.

Nilianza upya, na wiki ya nne, kama alivyochora, nikajikuta naimba huku naosha vyombo. Nikadhani yameisha. Mwezi wa nne wa matibabu dirisha likaniambia, "Hakuna, kanunue nje." Nilibakiwa na vidonge sita. Famasi ya kwanza mjini hawakuwa nayo. Ya pili wakanipa fluoksetini bila kuniuliza cheti, wakisema inatibu ugonjwa ule ule na ni ya kisasa zaidi. Ni kweli inatibu ugonjwa huo. Ambacho hawakusema, wala hawakuniuliza natumia nini, ni kwamba fluoksetini huzuia ini lisiivunjevunje amitriptilini, ikajazana mwilini. Mimi kwa ubahili wangu wa kialimu nikaona vidonge vyangu sita visiharibike: asubuhi fluoksetini, usiku amitriptilini. Siku ya nne moyo ulidunda kama mtu anayebisha hodi kwa ngumi, mikono ikitetemeka, na wifi akanikimbiza hospitali usiku.

Pale benchi nilimkuta kijana wa bodaboda ambaye yeye, dawa ilipokosekana, alikaa tu bila kumeza. Alikuwa na kichefuchefu, jasho, usiku hafumbi macho, akiamini amegeuka teja. Daktari wa zamu alimweleza kuwa huo si uteja. Mwili ukishazoea dawa hii hautaki ikatwe ghafla, hupunguzwa taratibu kwa usimamizi. Na kuacha kwenyewe si pale unapojisikia nafuu, kwa kuwa ukishapona bado unaendelea si chini ya miezi sita ili ugonjwa usirudi. Kijana alisikiliza kama anasimuliwa habari za nchi nyingine. Alikuwa ametumia dawa hiyo karibu mwaka mzima.

Sasa Mhariri, nchi hii inajua kueleza dawa. Nenda CTC yoyote, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, uone wanaotumia ARV wanavyokaa kwanza na mshauri, wanavyopewa kadi yenye tarehe, na wasipofika wanavyotafutwa kwa simu. Mgonjwa wa kifua kikuu hupangiwa hata mtu wa kumsimamia akimeza. Mwanafunzi wangu wa darasa la sita anaweza kukueleza kwa nini ARV hazirukwi. Kwa nini wa sonona atupiwe "1x1" na kufukuzwa dirishani? Au kwa kuwa ugonjwa wetu hauonekani kwenye picha ya eksirei?

Ninaloomba halihitaji bajeti ya kutisha. Wizara ya Afya ichape karatasi moja ya Kiswahili, ukurasa mmoja tu, iwekwe kwenye kila bahasha ya dawa ya sonona: jina la dawa, maudhi yake, faida inaanza lini, isichanganywe na nini, nani aitunze, na kwamba haiachwi ghafla. Isisahau kusema kwamba vijana walio chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo, kwani mawazo ya kujidhuru yanaweza kuzidi kabla ya kupungua. Hospitali nazo zitutangazie mapema dawa inapokaribia kwisha, ili daktari ndiye apange mbadala. Na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yenye utaratibu mzuri wa kupokea taarifa za madhara ya dawa, iwaambie wagonjwa kwamba upo. Mimi niliyeanguka kando ya ndoo sikuulizwa na yeyote.

Kwa msomaji mwenye bahasha kama yangu kabatini: leo usiongeze, usipunguze wala usiache. Iandike jina la dawa, mpe ndugu unayemwamini aitunze, na siku ya kliniki usiondoke kwenye kiti mpaka ueleweshwe, hata foleni ikinung'unika.

Mwalimu, Morogoro
(Jina na anwani vimehifadhiwa)