Stara haikuwazuia wasichana wa Morocco, sisi Pwani tunazuiwa na nini?

Harambee Starlets wamerudi kwenye mashindano makubwa ya Afrika. Timu yetu ya taifa ya wanawake imefuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la 2026 nchini Morocco, baada ya kuitoa Tunisia kisha kuilaza Gambia kwa jumla ya mabao 4-1. Tulipofuzu mara ya kwanza, mwaka 2016 kule Cameroon, tulirudi nyumbani baada ya kupoteza mechi zote tatu za makundi. Safari hii kinachogombewa ni kikubwa zaidi, kwani timu nne zitakazofika nusu fainali zinapata tiketi ya moja kwa moja ya Kombe la Dunia la 2027 nchini Brazil.

Droo imetuweka Kundi A pamoja na wenyeji Morocco, Algeria na Senegal. Ndugu msomaji, liangalie kundi hilo vizuri. Nchi zote tatu tutakazocheza nazo, Waislamu ndio wengi. Na hapa kwetu, kuanzia Lamu hadi Vanga, ukitaja soka la wasichana barazani, jibu la kwanza utakalopewa ni kwamba mpira na stara havikai pamoja.

Masheikh wetu wana maoni tofauti juu ya jambo hili, na safu hii haitoi fatwa. Lakini yako mambo yaliyotokea ambayo yanafaa kujulikana kabla ya kuhukumu.

Ni kweli kwamba kulikuwa na wakati ambapo sheria za mpira zenyewe zilimfungia mlango msichana wa Kiislamu. Mwaka 2011, wanawake wa Iran walizuiwa kucheza mechi ya kufuzu Olimpiki kwa sababu ya hijabu zao. Marufuku hiyo iliondolewa rasmi mwaka 2014. Miaka tisa baadaye, kwenye Kombe la Dunia la 2023 nchini Australia na New Zealand, beki wa Morocco Nouhaila Benzina akawa mchezaji wa kwanza kuvaa hijabu katika fainali hizo za wakubwa. Morocco iliifunga Korea Kusini 1-0 siku hiyo, kisha ikaingia hatua ya 16 bora. Kwa hiyo anayesema leo kwamba sheria za mpira zinamlazimisha binti kuvua hijabu anazungumzia sheria iliyokwisha kufutwa.

Wala Morocco haikufika hapo kwa bahati. Shirikisho lao liliamua mwaka 2020 kuzigeuza ligi zao mbili za juu za wanawake kuwa za kulipwa, na klabu zikasaidiwa fedha. Matunda yameonekana. AS FAR ya Rabat imetwaa Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake mwaka 2022 na 2025, na timu ya taifa imecheza fainali mbili za Afrika zilizofuatana. Saudi Arabia nayo ina ligi kuu ya wanawake tangu 2022, na mmoja wa washambuliaji wanaotegemewa na Al Nassr ni Clara Luvanga, Mtanzania. Jirani yetu anakula jasho lake Riyadh kwa mpira, na sisi bado tunabishana kama binti aruhusiwe kuugusa.

Basi kama si sheria za mchezo, tunazuiwa na nini?

Mimi naona mzazi wa Pwani ana maswali, na maswali hayo hayajajibiwa. Binti yangu atasafiri na nani? Atalala wapi timu ikienda mechi ya mbali? Atabadilisha nguo wapi, na mlango unafungika? Kocha ni nani, na nani anamchunga kocha? Mechi itakwisha saa ngapi, na nani atamfikisha nyumbani? Mzazi akikosa majibu, anasema "dini hairuhusu", kwa sababu hilo ndilo neno linalofunga mjadala haraka. Lakini ukimsikiliza kwa makini, mara nyingi anachokiogopa ni usalama wa mtoto wake.

Na hofu hiyo si ushamba. Mwaka 2023 Hispania ilichukua Kombe la Dunia la wanawake, na pale pale kwenye jukwaa la medali, mbele ya kamera za dunia nzima, rais wa shirikisho lao Luis Rubiales alimbusu mchezaji Jenni Hermoso kwa nguvu. Mahakama ilimpata na hatia mwaka 2025 na kumtoza faini. Ikiwa bingwa wa dunia anaweza kufanyiwa hivyo hadharani, mama wa Majengo au Likoni ana haki ya kuuliza nini kinaweza kumpata bintiye wa miaka 14 ndani ya matatu usiku, ambako hakuna kamera.

Kwa hivyo wanaotaka soka la wasichana likue Pwani waache kuwahubiria wazazi kuhusu usasa. Wawajibu. Kila timu ya wasichana iwe na mwanamke mtu mzima, anayejulikana mtaani, anayesafiri nayo na kulala nayo. Mzazi apewe kwa maandishi ratiba ya safari na nambari ya simu ya msimamizi. Malalamiko yapelekwe kwa mtu asiyekuwa kocha, kwa sababu mtoto hawezi kumshtaki mtu kwa mtu yule yule. Mazoezi yasigongane na saa za madrasa. Mechi ziishe kabla ya Magharibi, na ratiba iangalie Ramadhani. Jezi za mikono mirefu na suruali za kubana ndani ya kaptura zinunuliwe pamoja na mipira. Hakuna hata moja katika haya linalohitaji mabilioni.

Makocha wa kike tunao. Beldine Odemba ndiye aliyewafikisha Starlets Morocco. Mildred Cheche aliongoza Junior Starlets kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2024, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA, na wakaifunga Mexico 2-1. Kilifi nako, shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwachezesha wasichana mpira tangu 2001. Lililofanyika Kilifi linaweza kufanyika Kwale na Tana River.

Kisha kuna suala la umbali. Ligi kuu ya wanawake imetawaliwa kwa miaka mingi na timu za Magharibi, na za Nairobi na viunga vyake. Timu ya Mombasa inayokwenda kucheza Kisumu inasafiri zaidi ya kilomita 800 kwenda tu. Nauli, chakula na malazi ya wachezaji 20 huua klabu kabla ya kufungwa bao. Hapa serikali za kaunti haziwezi kujificha. Katiba ya 2010 imeweka michezo na viwanja katika majukumu ya kaunti. Tunapoambiwa kila mwaka kuwa kaunti inakuza vipaji, tuulize mbele ya wawakilishi wadi: katika bajeti hii, fungu la timu za wasichana ni shilingi ngapi, na limetumika wapi?

Wazazi nasi tuna sehemu yetu. Ukiuliza swali na ukapewa jibu la kuridhisha, usibuni swali jingine ili tu ukatae. Nenda uwanjani ukatazame mazoezi. Zungumza na huyo kocha. Akina mama wakikaa pembeni mwa uwanja wawili watatu kila jioni, huo ni ulinzi tosha kuliko barua yoyote ya shirikisho.

Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 sasa linachezwa kila mwaka, na Morocco ndiyo mwenyeji hadi 2029. Binti aliyezaliwa 2013 atakuwa na umri unaofaa kucheza mwaka huo. Leo yuko darasani, jioni yuko madrasa, na pengine anapiga mpira wa makaratasi uchochoroni na kaka zake. Miaka iliyobaki inatosha kumfundisha mpira, ila haitoshi ikiwa tutaanza kujadiliana mwaka 2028. Kamati za michezo za kaunti zetu ziitwe sasa, na wazazi wakae kwenye mkutano huo na orodha ya maswali yao mkononi.