Kiharusi kwa Watoto wenye Selimundu: Njia Salama ya Kujiunga na Majaribio ya Dawa

Kwa familia ya Runzewe, wilayani Bukombe mkoani Geita, yenye mtoto mwenye selimundu, kiharusi ni tishio la kweli. Ugonjwa huo huweza kuharibu mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo na kumwacha mtoto amepooza. Katika hofu hiyo, habari yoyote ya dawa inayofanyiwa majaribio huwa na mvuto mkubwa, na ndipo matapeli hupata mwanya.

Utafiti halali umekwishafanyika Kanda ya Ziwa. Mwaka 2019 Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, jijini Mwanza, ilianza utafiti wa SPHERE, ulioandikisha watoto 202 wenye selimundu, wenye umri wa miaka 2 hadi 16. Walipimwa kwa ultrasaundi kasi ya damu katika mishipa ya ubongo. Takriban robo yao walikutwa na kasi inayoashiria hatari ya kiharusi, wakaanzishiwa haidroksiyurea, na kasi hiyo ikapungua.

Hivyo, kuandikishwa katika utafiti si lazima kupewa dawa. Vigezo vya kitabibu ndivyo huamua, si kufahamiana wala fedha.

Majaribio ya dawa nchini huhitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) pamoja na ithibati ya maadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Mzazi ana haki ya kuelezwa faida na madhara kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia saini ridhaa, na anaweza kumwondoa mtoto wakati wowote bila kupoteza huduma za kawaida. Anayedai malipo ili "kumwingiza" mgonjwa kwenye utafiti anapaswa kutiliwa shaka na kuripotiwa.

Safari ya kutafuta utafiti ianzie katika kituo cha afya kilicho karibu, kisha ifuate rufaa hadi kliniki ya selimundu. Huko mzazi aulize iwapo upo utafiti ambao bado unaandikisha, mtoto atahitajika kuhudhuria mara ngapi, na nani atagharamia nauli.

Wakati wa kusubiri majibu, mtoto asiachishwe dawa wala kukosa kliniki, kwa kuwa kiharusi hakisubiri utafiti uanze.