Hajui, au Hajazoea?

Katika mazoezi ya kufundisha, aghalabu twasikia mwanachuo akisema juu ya mtoto aliyeshindwa kueleza picha ya kitabuni: “Huyu ni mzito wa akili.” Hukumu hiyo hutolewa kwa dakika moja, lakini mtoto huweza kuibeba miaka yote ya shule. Kwa maoni yetu, kabla ya kuitamka mwalimu hana budi kujiuliza: je, mtoto hajui, au hajazoea?

Swali hili limewashughulisha wataalamu wa saikolojia kwa muda mrefu. Mwaka 1960 W. Hudson alitoa matokeo ya uchunguzi wake wa Afrika Kusini. Watu walionyeshwa picha ya mistari: mwindaji ameinua mkuki, swala yu karibu naye, na baina yao, mbali kilimani, amechorwa tembo mdogo. Aliyejibu kwamba mkuki umemwelekea tembo alihesabiwa kuwa haoni umbali katika picha. Wengi wa wasiokwenda shule walijibu hivyo.

Wakatokea watu waliodai kwamba Mwafrika kwa maumbile yake ana upungufu wa kuona. Dai hilo ni potofu. Mchungaji amwonapo ng’ombe ng’ambo ya bonde hamdhanii kuwa ni ndama. Umbali wa porini ni jambo moja, na umbali wa karatasini ni jambo jingine. Karatasi ni bapa. Mchoraji hufuata kanuni kwamba cha mbali huchorwa kidogo, na cha mbele hufunika cha nyuma. Kanuni hizo hufundishwa, kama zifundishwavyo herufi.

Mwaka 1979 Robert Serpell alieleza jinsi watoto wa Zambia na wa Uingereza walivyopewa kazi ya kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza walishinda. Kwa waya, walishinda Wazambia, ambao huzoea kujitengenezea magari ya waya. Kwa udongo, walikuwa sawa. Lau wangalipimwa kwa karatasi peke yake, wangaliitwaje watoto wa Zambia?

Wapo watakaosema kwamba mtihani hufanywa kwa karatasi, si kwa waya. Ni kweli, na ndiyo sababu picha yenyewe haina budi kuwa somo. Watoke watoto nje, wamtazame mwenzao akienda mbali uwanjani, kisha wamchore. Waulizwe, “Umeona nini kilichokufanya useme hivyo?” Na atakayeshindwa kuchora pembetatu, apewe waya au udongo aiumbe kwanza.

Wanachuo wenzetu, mtoto huja shuleni na macho yaliyokwisha kufunzwa na nyumba yao, mifugo yao na michezo yao. Tukiyaita mabovu kwa kuwa hayajafunzwa na kitabu, basi tumekosea sisi katika kupima.