Ngozi Inayouza Losheni Isiguswe na Kompyuta

Mjadala wa kusafisha picha kwa kompyuta umezoea kuanza kwa kuuliza kama kuna ubaya kufuta chunusi. Swali hilo halina jibu moja, kwa sababu picha hazifanyi kazi moja. Picha ya harusi ni kumbukumbu ya wenye harusi. Picha ya pasipoti ni kitambulisho. Picha ya msichana anayetabasamu kando ya kopo la losheni ni hoja ya muuzaji. Hoja yangu ni hii: mtu ana haki ya kulainisha ngozi yake katika picha yake mwenyewe, ila muuza vipodozi hana haki ya kuigusa hata kidogo ngozi anayoinadia bidhaa yake, maana hapo ngozi ndiyo ushahidi.

Uingereza ililiona jambo hili mapema. Mwaka 2011, baada ya malalamiko ya mbunge Jo Swinson, ASA, chombo kinachosimamia matangazo nchini humo, kilipiga marufuku matangazo mawili ya kampuni ya L'Oréal: la Lancôme lililobeba sura ya Julia Roberts, na la Maybelline lililobeba sura ya Christy Turlington. ASA haikuhukumu urembo wa mtu. Ilichotaka ni uthibitisho kwamba ngozi ile nyororo ilitokana na kipodozi, wala si na kompyuta, na kampuni haikuutoa wa kutosha. Kwingineko sheria zilianzia kiunoni. Tangu Oktoba 1, 2017, Ufaransa inataka tangazo lenye mwanamitindo aliyekondeshwa au kunenepeshwa kwa kompyuta liseme wazi kuwa picha imehaririwa, na faini yake inafika euro 37,500. Siku hiyohiyo kampuni ya kuuza picha ya Getty Images iliacha kupokea picha za biashara zilizobadilishwa maumbile ya mwili, lakini ikaendelea kuruhusu kufutwa kwa madoa ya ngozi. Norway ndiyo iliyoijumuisha ngozi katika sheria yake, iliyoanza kutumika Julai 2022.

Kwetu Afrika Mashariki, kuiacha ngozi nje ni kuacha kiini cha biashara yenyewe. Hapa mkorogo una soko, na serikali zinaufukuza: Rwanda ilianza msako mkali wa vipodozi vya kuchubua mwishoni mwa 2018. Kopo linakamatwa, lakini picha iliyomshawishi mnunuzi inabaki ukutani. Na zana za kuhariri zimebadilika. Brashi ya kuponya doa iliyoingia kwenye Photoshop mwaka 2002 ilimtaka mhariri achague kipande cha ngozi safi, kisha apake doa mojamoja, na programu ikalioanisha na ngozi ya jirani. Kamera ya simu ya leo hulainisha uso mzima kwa mguso mmoja: vinyweleo vinapotea, rangi inasawazishwa, na mara nyingi uso unang'arishwa kuliko ulivyo.

Watetezi watasema kusafisha picha si jambo geni, kwani mafundi wa karne ya 19 walikuwa wakigusa negativu kwa penseli, na kwamba poda na taa nazo hudanganya. Ni kweli, na ndiyo maana sina ugomvi na studio za mtaani, mradi fundi amuulize mteja kabla ya kufuta alama ya kudumu. Chunusi itapona, lakini kovu au baka huenda mwenyewe analipenda. Tangazo ni jambo jingine. Poda iliyompendezesha mwanamitindo, mnunuzi anaweza kuinunua. Brashi ya kompyuta haimo ndani ya kopo.

Wengine watasema lebo ya kueleza kuwa picha imehaririwa inatosha. Tafiti mbalimbali za wanasaikolojia zimeonyesha kuwa lebo kwa kawaida hazimpunguzii mtazamaji hali ya kutoridhika na mwili wake. Zaidi ya hapo, lebo inayokiri kuwa ushahidi umechezewa haiufanyi ushahidi kuwa wa kweli. Hoja kwamba marufuku itamwonea mjasiriamali mdogo nayo haina nguvu: kupiga picha bila filta hakuna gharama, na kama losheni yake inafanya kazi, kizuri chajiuza.

Hatuhitaji kusubiri sheria mpya. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012. Kinachokosekana ni utaratibu. Tume ya Ushindani ya Tanzania na wenzao wa Kenya wamtake kila anayetangaza bidhaa za ngozi atunze picha asilia na kuitoa anapoulizwa; asiyeweza kuionyesha, tangazo lake liondolewe. Hadi utaratibu huo uwepo, mnunuzi asimwamini muuzaji ambaye wateja wake wote hawana hata kipele kimoja.