Kitambaa Cheusi Walichonyimwa Sochi

Mwaka 2013 huko Nové Město, Ucheki, Olena Pidhrushna wa Ukraine alikuwa bingwa wa dunia wa biathloni katika mbio fupi. Kwa wengi, ushindi huo ungetosha kumtambulisha maisha yake yote. Lakini sasa amestaafu, na siku inayotajwa zaidi ni nyingine: Februari 21, 2014, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi mjini Sochi.

Wiki hiyo waandamanaji walikuwa wakiuawa kwa makumi katikati ya Kyiv. Kamati ya Olimpiki ya Ukraine ilieleza kwamba iliomba wanamichezo wake wavae kitambaa cheusi mkononi, ikakataliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Bohdana Matsotska, mwanamichezo wa skii, aliamua kutoshindana tena katika michezo hiyo. Pidhrushna na wenzake watatu, pacha Vita na Valj Semerenko pamoja na Juliya Dzhima, wakabaki kwa ajili ya mbio za kupokezana.

Biathloni haimsamehe mtu mwenye moyo uliovurugika. Mwanamichezo anateleza kwa skii akihema, bunduki ya kilo tatu na nusu au zaidi mgongoni, kisha ghafla anatakiwa atulie na kulenga shabaha tano zilizo umbali wa mita 50. Anapopiga akiwa amelala, kila shabaha ina upana wa milimita 45. Kwenye mbio za kupokezana ana risasi tatu za akiba, ila kila moja anaipakia kwa mkono huku wapinzani wakichomoka. Zikiisha na shabaha bado imesimama, anazungushwa mita 150 za adhabu.

Siku hiyo huko Sochi, Pidhrushna alipokea zamu ya mwisho. Alimaliza wa kwanza, na Ukraine ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki ya majira ya baridi tangu ile ya Oksana Baiul mwaka 1994. Mbele ya waandishi wa habari, washindi hao walisimama kimya kwa dakika moja kuwakumbuka waliouawa. Huko Kyiv, wabunge waliishangilia habari hiyo katikati ya kikao.

Wanaotetea katazo lile husema michezo isichanganywe na siasa. Hoja hiyo haisimami. Olimpiki yenyewe ndiyo iliyomvika Pidhrushna rangi za taifa, ikapandisha bendera na kupiga wimbo wa taifa aliposhinda. Mwaka 2018 huko Pyeongchang ndiye aliyebeba bendera ya Ukraine kwenye ufunguzi. Serikali nayo ilikuwa imemfanya naibu waziri wa vijana na michezo. Inakuwaje basi taifa liwe lake wakati wa kushangilia, na wafu wa taifa hilohilo wasimhusu? Kuomboleza si kampeni. Wachezaji wa soka huvaa kitambaa cheusi wanapofiwa, na hakuna mechi iliyoharibika kwa sababu hiyo.

Suala hili la kuomboleza michezoni halikuishia Sochi. Mwaka 2022 Shirikisho la Kimataifa la Biathloni lilitangaza kifo cha Yevhen Malyshev, kijana aliyewahi kuwa katika timu ya vijana ya Ukraine, aliyeuawa vitani. Ndiyo maana Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki inapaswa kuandika wazi katika kanuni zake kwamba mwanamichezo aliyefiwa, au ambaye nchi yake imo msibani, anaruhusiwa kuvaa kitambaa cheusi akiwa mashindanoni, bila kuomba kibali cha mtu.