FARASI AMEANDIKWA, MUCHUNGI HAKUANDIKWA



Mara nyingi tunasikia wazee wengine wakisema: "Zamani ilikuwa muzuri. Kampani ilitupa nyumba, ilitupa posho, mutoto akiugua kulikuwa munganga. Kampani ilikuwa baba na mama." Hatuwacheki wazee wetu. Ni kweli walikula, ni kweli walitibiwa. Lakini kuna neno moja linalotuuma, na leo tunataka kulisema kwa mufano wa mbali, mufano wa ukoo mumoja wa Marekani unaofuga farasi.

Sisi wa Katanga hatujui sana farasi, maana nzi anayeleta ugonjwa wa usingizi anawaua. Lakini mutakaposoma mutaona kwamba habari hii munaijua tangu zamani.

Katika mwaka wa 1847 nahodha mumoja wa meli za moshi, jina lake Richard King, alifika kwenye muto Rio Grande. Marekani ilikuwa inapigana na Meksiko, na kazi yake ilikuwa kupeleka askari na vitu vyao. Vita ilipokwisha mwaka wa 1848, inchi ya kaskazini ya muto ikawa ya Marekani. Mwaka wa 1853 King alinunua hapo, kusini ya Texas, mahali panapoitwa Santa Gertrudis, hektari zaidi ya 6,000 kwa dola 300. Hesabuni ninyi wenyewe: hektari moja haikufika hata senti 5. Alipokufa mwaka wa 1885 alikuwa na hektari karibu 250,000. Leo shamba lile, King Ranch, lina hektari zaidi ya 330,000, na wenyewe ni wajukuu na vitukuu.

Lakini King alijua muto na meli. Ngombe na farasi hakuzijua. Nani alimufundisha?

Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1854 jua lilikausha kaskazini ya Meksiko. King akafika katika kijiji cha Cruillas, akanunua ngombe zao. Alipokuwa anarudi akafikiri: watu hawa wameuza ngombe, sasa watakula nini? Akawarudia, akawaambia: njooni wote kwangu, nitawapa nyumba, chakula na mushahara. Wakaja na wake na watoto na wazee, wakifuata ngombe ambazo jana zilikuwa zao. Tangu siku ile wakaitwa Kineños, maana yake watu wa King. Angalieni jina lile vizuri. Hawakuitwa tena watu wa Cruillas.

Hao ndio waliojua kupanda farasi, kutupa kamba, kufuga farasi wa pori mpaka akubali mutu mugongoni. Baba alifundisha mutoto, mutoto akafundisha mujukuu. Na upande wa pili, shamba lilitoka kwa King likaenda kwa mujane wake Henrietta, kisha likaongozwa na mukwe wake, avoka Robert Kleberg, na baadaye na mujukuu wake, Robert Kleberg wa pili. Huyu mujukuu ndiye aliyetaka kutengeneza farasi wa kazi ya ngombe asiyeshindwa.

Farasi aliyeanza naye alizaliwa mwaka wa 1915, jina lake Old Sorrel. Shamba lilimununua angali mutoto. Alipokomaa hakuna aliyemushinda kazini, na kwa hiyo walitaka damu yake isipotee. Watoto wake walizalishwa na wajukuu wake, kwa hesabu, miaka na miaka. Lakini ndugu, uzuri wa farasi hauonekani kwa kumutazama zizini. Lazima apandwe, akimbizane na ngombe katika vumbi na miiba, ageuke upesi bila kuambiwa mara mbili. Aliyejaribu farasi hao alikuwa nani? Ni Kineño. Aliyejua huyu ana moyo na huyu hana, ni Kineño.

Mwaka wa 1940 Wamarekani walianzisha chama cha kuandika farasi wa aina inayoitwa Quarter Horse. Walisema: farasi atakayeshinda mashindano ya Fort Worth mwaka wa 1941 atapewa namba ya kwanza katika kitabu. Akashinda Wimpy, farasi wa King Ranch, ambaye Old Sorrel alikuwa babu yake kwa baba na kwa mama pia. Miaka 5 baadaye, katika 1946, farasi mwingine wa shamba lile, Assault, ambaye alikuwa ameumia muguu utotoni na kutembea kwa kuchechemea, alishinda mashindano yote matatu makubwa ya Marekani.

Sasa fungueni kitabu cha farasi. Mutakuta jina la Wimpy, jina la baba yake, la mama yake, la babu yake, jina la mwenye kumuzalisha na jina la mwenye mali. Nafasi ya kuandika mutu aliyemufundisha haimo. Farasi ana ukoo, bwana ana ukoo. Muchungi ana posho.

Na kuna neno kubwa kupita hilo. Mwaka wa 1933 ukoo ulifanya mukataba na kampani ya mafuta, wakaanza kutafuta petroli chini ya udongo ule. Feza ya petroli haikuulizwa nani alilisha ngombe juu yake miaka 80. Iliulizwa tu: karatasi ya udongo ina jina la nani?

Hatusemi kwamba King alikuwa mubaya. Huenda alikuwa bwana mwema, na Kineños wengi walimupenda. Ndiyo sababu tunasimulia habari yake na si ya bwana mukali. Wema wa bwana ni wa bwana, na akitaka anautoa, akitaka anaurudisha.

Kapita mumoja wa Kineños, jina lake Lauro Cavazos, aliona neno hilo. Aliwatoa watoto wake katika masomo ya shamba, akawatia katika masomo ya muji wa Kingsville, kati ya watoto wa Wazungu. Mutoto mumoja, Richard, mwaka wa 1982 akawa jenerali wa nyota 4. Mwingine, mwenye jina la baba, mwaka wa 1988 akawa waziri wa masomo wa Marekani nzima. Kabla yao hakuna mutu wa jamaa za lugha ya Kispanyola aliyefika pale.

Turudi kwetu. Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906, na mwaka wa 1967 mali yake ikawa ya serikali, na baadaye jina likawa Gécamines. Majina yalibadilika, baba na mama walibaki walewale. Lakini mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka na feza kidogo mukononi. Siku ile posho, munganga na masomo vilikwenda wapi? Vilikuwa zawadi, na zawadi haina karatasi.

Leo kuna karatasi. Sheria ya machimbo iliyobadilishwa mwaka wa 2018 inasema kwamba katika kila franki 100 za kodi ya madini, 25 ni za jimbo na 15 ni za muji au sekta madini yanapochimbwa. Tena kampani inapaswa kuweka, katika kila franki 1,000 za mauzo yake, angalau 3 kwa maendeleo ya watu wanaokaa hapo. Ni haki, si wema. Kwa hiyo tunawaomba: katika kila mukutano wa kambi na wa mutaa, mwenye kujua kusoma asimame, aulize kwa sauti: franki 15 zetu ziko wapi, na nani aliandika amezipokea?

Atakayewajibu kwamba kampani iliwajengea uwanja wa mupira, mushukuruni kwa adabu. Kisha ulizeni tena.