STAA WETU, ULIPANDA MLIMA KUMTAFUTA BIBI AU KUPIGA PICHA?

Leo simpaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kuna staa mmoja hapa mjini, simtaji, mnamjua. Wikiendi iliyopita kaposti picha kumi na mbili yuko milima ya Uluguru, buti mpya, kaandika amerudi kwenye asili yake. Laiki kama mvua. Halafu akiwa laivu shabiki akamuuliza, "Kaka, bibi yako wa ukoo gani?" Akacheka, akabadilisha mada.

Kaka, asili gani hiyo? Wewe ulirudi hotelini Moro mjini.

Msiseme nina wivu. Nasema kwa sababu na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Mwaka jana nilitoka Mbagala nikapanda SGR, elfu 13 tu, chini ya saa mbili niko Moro. Nikaunga gari mpaka Matombo, kisha miguu mpaka kijijini kwa kina mama. Milima ile usiione kwenye simu. Wewe unahema, magoti yanagoma, na bibi wa watu anakupita na mkungu wa ndizi kichwani, anakusalimia.

Nimefika, natoa daftari, namuuliza bibi mdogo majina ya babu zake. Akaniangalia weee. "Mjukuu wangu, unahesabu wanaume? Sisi Waluguru ukoo ni wa mama."

Kumbe! Kitambulisho changu kina jina langu, la baba na la babu. Ukoo wenyewe haumo. Na shamba ambalo kila likizo tulikula machungwa yake, limeshuka kwa akina mama.

Akanipa na ya 1955. Mkoloni aliwalazimisha kulima matuta kule milimani, watu wakagoma, polisi wakapiga risasi. Mimi niliyeishia form four Majimaji naijua, hii sikuwahi kuisikia. Nikauliza, wa kwetu walikuwepo nani? Akanyamaza kidogo. "Hayo majina alikuwa nayo dada yangu."

Dada yake tulimzika miezi mitatu kabla. Yaani walimzika. Mimi nilituma rambirambi kwa simu, nikabaki Mbagala naangalia mechi.

Ndiyo maana nina hasira, kwanza na mimi mwenyewe. Mlima utaukuta hata mwakani. Bibi je?

Kwa hiyo staa, rudi. Mpiga picha muache hotelini. Kaa jikoni, menya ndizi, uliza mama yake bibi aliitwa nani na alitokea wapi. Andika. Ukimaliza posti buti zako, mimi nitalaiki wa kwanza.

Na wewe unayesoma hapa uko Tandale au Tandika, usimcheke mwenzio. Mama yake bibi yako anaitwa nani? Kama hujui, mpigie leo. Bando la kuangalia picha za mastaa si unalo?